Lisilosemwa Ndilo Ligombanishalo

Si siku nyingi zilizopita tulihudhuria mkutano wa kijiji kimoja, si mbali sana na njia panda ya Chalinze. Shauri lililoletwa lilikuwa moja tu, nalo ni mpango wa matumizi ya ardhi. Afisa aliyetumwa alizungumza kwa adabu na kwa Kiswahili kilichonyooka. Alieleza kwamba ardhi yote isiyotumika ingetengwa kwa ajili ya wawekezaji, na kwamba ardhi inayotumika isingeguswa. Wananchi walipiga makofi, wakanyoosha mikono kukubali, muhtasari ukaandikwa, na kila mtu akaweka sahihi yake au dole gumba.

Miezi michache baadaye vigingi vya mipaka vilipopigwa, kelele ziliinuka. Kigingi kimoja kilisimama katikati ya bonde ambalo jamaa za watu watatu wamelilima kwa zamu tangu enzi za babu zao. Mwaka ule walikuwa wameliacha lipumzike. Kigingi kingine kilisimama katika malisho ambayo wafugaji huyafikia wakati wa kiangazi peke yake. Wananchi wakasema wamedanganywa. Afisa akasema wananchi ni vigeugeu, maana sahihi zao anazo mkononi.

Sisi tuliokuwapo siku zote mbili tunashuhudia kwamba hapana aliyesema uongo. Afisa alipotamka "isiyotumika" alikusudia ardhi ambayo siku ile haikuwa na zao wala nyumba. Mkulima alisikia ardhi isiyokuwa na mwenyewe. Mfugaji alisikia ardhi ambayo haifai hata kwa mbuzi. Neno lilikuwa moja, dhana zilikuwa tatu, na katika hizo tatu hata moja haikutamkwa mbele ya mkutano.

Tumeona yafaa leo tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu watu wengi hulidhania kuwa dogo. Kila neno tusemalo lina sehemu mbili. Ipo ile itokayo kinywani ikasikika, na ipo ile tunayodhani kwamba mwenzetu anayo tayari moyoni mwake, kwa hiyo hatujisumbui kuisema. Aghalabu hiyo ya pili ndiyo kubwa. Watu waliolelewa nyumba moja huishi kwayo bila taabu. Lakini anapokutana mtu wa Visiwani na mtu wa Bara, mkulima na mfugaji, au mwenye ofisi na asiye na ofisi, lile lisilosemwa ndilo linalowagombanisha. Na tutakavyoonyesha, hasara yake haigawanywi sawasawa.

Tuanze na mambo ya kila siku. Mswahili huhesabu saa zake tangu kuchomoza kwa jua, hivyo saa moja ya asubuhi ndiyo ile ambayo mkono wa saa ya ukutani huielekea saba. Simu zetu zote huandika saba, na vinywa vyetu husema moja, wala hapana mtoto wa darasa la pili anayekosea. Tumezoea mno hata tumesahau kwamba kuna jambo la kuzoea. Lakini barua ya wito inapoandikwa "saa 3:00" bila kutajwa kama ni asubuhi, alasiri au usiku, wala kama ni hesabu ya Kiswahili au ya Kiingereza, aliyeiandika ameacha nje sehemu ya habari aliyodhani kila mtu anayo. Kati ya hesabu hizo mbili mna saa sita kamili, na saa sita zatosha kumkosesha mtu boti, usaili wa kazi, au kesi yake.

Kadhalika siku za juma. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, na Jumapili ni ya pili. Hesabu hiyo ikiendelea, Jumatano ndiyo ya tano. Kesho yake tunaiita Alhamisi, jina lililotoka katika Kiarabu, ambalo nalo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza hesabu yao siku ya Jumapili. Juma letu, basi, lina siku mbili za tano zinazofuatana. Hatujapata kumwona mtu aliyetatizwa na jambo hilo, kwa sababu sote twajua kinachokusudiwa. Huo ni ushahidi kwamba lugha yaweza kubeba hesabu mbili kwa amani, maadamu wasemaji wanajua kwamba ziko mbili.

Taabu huanza pale ambapo kila mmoja anadhani iko moja tu. Baadhi yetu tulikaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani kabla hatujakanyaga shule ya Serikali. Chuoni tulifundishwa kwamba siku huingia jua linapozama, kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo sababu sala ya tarawehe huanza usiku ule ambao kesho yake ndipo watu wafungapo saumu ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, usiku wa Jumamosi ni ule unaoingia magharibi ya Ijumaa. Shuleni tukafundishwa kwamba siku huanza saa sita ya usiku, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule unaoufuata mchana wa Jumamosi. Hesabu zote mbili ni sahihi, na katika mwambao huu zote mbili zinatumika hadi leo, pengine ndani ya nyumba moja.

Tunamfahamu mzee mmoja aliyevuka bahari kutoka Unguja kwenda Bagamoyo kuhudhuria arusi ya mjukuu wa nduguye. Aliambiwa shughuli ni usiku wa Jumamosi. Akafika Ijumaa magharibi, kofia kichwani na kanzu imepigwa pasi, akakuta hata turubai halijafungwa. Walicheka, wakampa chakula, akalala, na arusi ikamkuta keshoye. Jambo hilo lilikwisha kwa kicheko kwa sababu lilikuwa kati ya ndugu. Lakini lau ungalikuwa ni wito wa baraza la ardhi, au siku ya mwisho ya kupeleka rufani, au ahadi ya daktari, nani angalicheka? Na kumbe dawa ya kosa hilo imo ndani ya lugha yenyewe tangu zamani. Watu wa Pwani husema "usiku wa kuamkia Jumamosi," na mara moja shaka huondoka. Neno moja la ziada hutosha, ili mradi msemaji akumbuke kwamba msikilizaji si yeye.

Au tuchukue neno "chuo" lenyewe. Fomu nyingi za ofisi huuliza mtu amesoma chuo gani. Mwenye kuitunga fomu anakusudia mahali pa mafunzo ya kazi au pa elimu ya juu. Mzee wa Pwani akiulizwa hivyo atalitaja jina la sharifu au mwalimu aliyemkhitimisha juzuu thelathini, na atalitaja kwa fahari. Karani kijana atacheka, kisha ataandika kwamba mzee huyu hakusoma. Tunauliza: ni nani hapo asiyejua Kiswahili? Mzee amelijibu swali kama lilivyo katika lugha ya kwao. Karani ndiye aliyeiacha dhana yake sandukuni, akamlaumu mwenzake kwa kutoiona.

Wenzetu wa Visiwani wanayajua mambo haya kuliko sisi, kwa kuwa wao huvuka maji pamoja na maneno yao. Mtu wa mjini Unguja akisema kwamba nyumba yake iko Ng'ambo, anakusudia mitaa iliyo upande wa pili wa ile iliyokuwa hori, nje ya Mji Mkongwe. Ukimwambia hivyo mtu wa Bara, atadhani nyumba hiyo iko Ulaya. Unguja na Pemba mtu husema anakwenda shamba akiwa na maana ya kutoka mjini kwenda vijijini, au kwenda kwenye minazi na mikarafuu yake; mahali anapolima muhogo na mpunga hupaita konde. Huku kwetu shamba ni mahali popote palimwapo, hata pawe robo eka ya mahindi. Visiwani mtu akitafuta barua ya utambulisho huenda kwa sheha, ambaye huteuliwa. Huku huenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye huchaguliwa, na kwa mtendaji, ambaye ni mwajiriwa.

Tofauti hizi si aibu kwa lugha. Ulipofanyika mkutano wa Mombasa wa 1928, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Lakini lugha ikishachaguliwa haifungwi kamba. Imepanda bara, ikakutana na Wakwere, Wazigua, Wadoe, Waluguru na Wamasai, na kila aliyeipokea ameitia kitu cha kwao. Leo hapa njia panda, linapopaki basi la Tanga karibu na la Morogoro na la Dar es Salaam, husikii lugha nyingine ila Kiswahili, na bado kila kiti kina maana zake. Kosa lililopo ni kudhani kwamba maadamu maneno ni yale yale, basi na maana ni ile ile.

Kosa hilo lina bei. Katika miaka hii watu wengi wa Visiwani wametafuta ardhi upande wa Bagamoyo na Chalinze, na ni haki yao kama raia wa Tanzania. Mnunuzi huja na neno "shamba" akiwa na picha ya miti na mipaka inayojulikana. Muuzaji anakusudia mahali alipolima msimu uliopita. Tena, Visiwani na katika mwambao huu iko mila ya kale ya mtu kumiliki miti juu ya ardhi isiyo yake, hivyo yawezekana mmoja akadhani ameuza ardhi pamoja na miembe, na mwingine akadhani miembe imebaki yake. Kisha kuna neno "kununua" lenyewe. Kwa sheria ya Tanzania Bara, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Kinachopatikana kwa fedha ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyofanywa juu yake. Ardhi ya kijiji haigawiwi na mwenyekiti peke yake, wala na Halmashauri ya Kijiji peke yake, bila ya kwanza kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtu aliyezoea kwamba mhuri wa sheha hutosha kwa mambo mengi atauona mhuri wa mwenyekiti, atatulia, atalipa, na atavuka bahari kurudi kwao akiwa na karatasi isiyoweza kumtetea. Ardhi si jambo la Muungano, na kila upande una sheria zake. Hilo nalo ni katika yale ambayo kila mtu hudhani mwenzake analijua.

Wasomaji wetu wa Visiwani, hasa wenye umri, wanalikumbuka jina la RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipewa eneo kubwa huko Makurunge kwa ajili ya kufuga ng'ombe. Kazi ya ranchi iliposimama katika miaka ya 1990, kwenye makaratasi eneo lilionekana kuwa limelala. Juu ya ardhi yenyewe walikuwamo watu wakilima, wakifuga, wakichoma mkaa na kuzika maiti wao. Mipango ya mashamba makubwa ya miwa ilipoanza kuletwa, watu wale wale waliitwa "wavamizi" na baadhi ya wasemaji, na "wenyeji" na wengine. Anayeitwa mvamizi huondolewa, na anayeitwa mwenyeji hulipwa fidia. Leo sehemu ya eneo lile ina miwa na kiwanda cha sukari, nasi twaunga mkono nchi yetu kujitosheleza kwa sukari. Lakini miaka ya mashauri na lawama iliyopita katikati ingalipunguzwa sana kama maneno hayo mawili yangalipimwa mapema, na kama watu wangaliulizwa wao wenyewe wanajiita nani na kwa sababu gani.

Hatusemi hivi ili kuwabebesha maafisa peke yao mzigo. Hata watunga sheria wameteleza hapo. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili pacha, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Zote mbili zinaitaja ardhi ya jumla, ile ambayo si ya hifadhi wala si ya kijiji. Lakini Sheria Namba 4, katika kulifasiri neno hilo, imeongeza kwamba ardhi ya jumla ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Namba 5 haina nyongeza hiyo. Kwa hiyo bonde lililoachwa lipumzike laweza kuwa ardhi ya kijiji katika kitabu kimoja, na kuwa mlangoni mwa ardhi ya jumla katika kitabu cha pili. Na ni nani atakayesema kwamba halitumiki? Mkulima ajuaye kwamba udongo usiopumzika huchoka? Mfugaji ajuaye kwamba majani ya masika huliwa kiangazi? Au mtu aliyepita hapo mara moja ndani ya gari? Sheria zote mbili hazikulijibu swali hilo waziwazi, na pale sheria inaponyamaza, mwenye kalamu ndiye husema.

Historia yetu wenyewe ingalitosha kutufunza. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alieleza katika andiko lake juu ya ujamaa vijijini kwamba watu waingie katika vijiji vya ujamaa kwa hiari. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Hayo yalikuwa maneno mawili tofauti, yaliyosemwa wazi, na kila moja lilieleweka. Lakini wazee wengi wanakumbuka kwamba huko chini maneno "kushauriwa" na "kuelimishwa" yaliendelea kutumika mahali ambapo lori lilikuwa tayari limewasha moto. Sisi tuliolelewa katika Chama hatuna sababu ya kuficha hilo. Amri ikivishwa nguo ya ushauri, mwananchi hujifunza kuogopa hata ushauri wa kweli. Mpaka leo ukisema "mchango wa hiari" katika vijiji vyetu, watu hutazamana kwanza, kisha huuliza ni lini mwisho wa kulipa.

Jambo kama hilo limeonekana tena katika elimu. Serikali ilipoanza kutoa elimumsingi bila malipo Januari 2016, ilikusudia kwamba ada na michango ya lazima haitatozwa tena. Wazazi wengi walisikia "bure," wakaelewa kwamba hawatakiwi kuleta chochote tena, hata daftari na sare. Ikabidi maelezo yatolewe upya. Upande wa pili, baadhi ya shule zilielewa kwamba maadamu neno ni "ada," basi michango yenye majina mengine ingali halali, hadi Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku kuwatoza wazazi michango hiyo. Ikumbukwe pia kwamba katika Kiswahili "bure" lina maana ya pili, kwani kitu cha bure ni kitu kisicho na thamani, na kuhangaika bure ni kuhangaika pasipo faida. Sera njema ilikuwa ikitangazwa kwa neno ambalo nusu yake ni dharau.

Wala hatuwezi kulikwepa neno lililotikisa pande zote mbili za Muungano. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Mizengo Pinda, aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba Zanzibar si nchi. Visiwani pakawaka moto wa maneno, na mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikarekebishwa na kuandikwa kwamba Zanzibar ni nchi miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Sasa, neno "nchi" katika kinywa cha Mswahili lina maana zaidi ya moja. Ni dola yenye kiti chake Umoja wa Mataifa, na kiti hicho tangu Aprili 1964 ni kimoja. Lakini nchi ni pia mahali pa watu, penye mipaka, historia na makaburi yao, na kwa maana hiyo mtu akiambiwa kwao si nchi, huona ameambiwa kwamba hana kwao. Hatudai kwamba suala zima la Muungano ni la msamiati. Yako ndani yake mambo mazito ya madaraka na mapato ambayo hayatatuliwi kwa kamusi. Lakini tunaamini kwamba sehemu kubwa ya uchungu wa mwaka ule ilitokana na mmoja kusema lugha ya sheria, na mwingine kusikia lugha ya nyumbani, na wote wawili kudhani kwamba lugha ni moja.

Yupo atakayetuambia kwamba tukianza kufasiri kila neno, mikutano haitakwisha na kazi hazitafanyika. Ni kweli. Jirani akiomba chumvi, hapana haja ya kumuuliza chumvi ipi. Kudhani ni sehemu ya kuishi pamoja, na mwenye kutaka kila kitu kielezwe huwa kero hata kwa mkewe. Sisi tunasema hivi: neno ambalo kwa ajili yake mtu aweza kupoteza shamba, fedha, kazi au heshima yake, neno hilo halina ruhusa ya kudhaniwa. Litamkwe, lielezwe, liandikwe. Maneno ya namna hiyo si mengi. Katika muhtasari mmoja wa mkutano wa kijiji huenda yasizidi matano.

Wengine watasema kwamba wako wanaolipenda giza hilo. Hilo nalo ni kweli. Yuko afisa ambaye hulichagua neno lenye mifuko miwili ili kesho atoe kilichomo katika mfuko umfaao. Yuko pia mwananchi aliyeelewa vizuri kabisa, akatia sahihi, kisha akajifanya hakuelewa bei ilipopanda. Dawa ya wote wawili ni moja: maana ikishatamkwa hadharani na kuandikwa, mjanja hana mahali pa kujificha.

Kati ya hao wawili, hata hivyo, hatuwezi kuweka mizani sawa. Afisa akikosea maana, hupoteza siku ya kazi na pengine hurudia safari, na gari na posho hutoka Serikalini. Mkulima akikosea maana, hupoteza bonde. Kwa hiyo jukumu la kwanza la kufafanua ni la yule mwenye uwezo zaidi, aliyekuja na karatasi imeandikwa tayari. Haifai amwambie mwananchi, "Ungeuliza." Mtu hawezi kuuliza juu ya jambo asilojua kwamba lipo.

Tuna mapendekezo machache, na hata moja halihitaji bajeti. La kwanza, kila tangazo na kila muhtasari unaohusu ardhi, fidia au mchango uanze kwa kueleza maneno yake makuu: isiyotumika ni ipi, kwa muda gani, na nani amethibitisha. La pili, kabla ya mkutano kupiga kura, mwenyekiti awaombe wananchi watatu au wanne, akiwamo mwanamke, kijana na mfugaji, waseme kwa maneno yao wenyewe wameelewa nini. Kama majibu hayafanani, kura isubiri. Chuoni mwanafunzi hakupewa somo la pili kabla hajalisoma la kwanza mbele ya mwalimu, na utaratibu huo haujazeeka. La tatu, barua za wito zitaje siku, tarehe, na saa kwa maneno, kama vile "saa tatu asubuhi," na usiku uandikwe "wa kuamkia" siku fulani. La nne, BAKITA na BAKIZA washirikiane kutoa kijitabu chepesi cha maneno ya utawala na ardhi yanayotofautiana Bara na Visiwani, kigawiwe kwa masheha, watendaji na wenyeviti.

Jambo hili lina haraka kuliko zamani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ni ushindi mkubwa kwa umma, nasi tuliushangilia. Lakini ushindi huo una masharti yake. Zamani mwananchi aliposhindwa kesi aliweza kusema kwamba alishindwa na Kiingereza. Sasa atashindwa kwa neno la mama yake, lililotumika kwa maana ambayo mama yake hakuijua. Hapo ndipo uchungu utakapozidi, tusipojihadhari.

Kwa wananchi nao tunasema: kuuliza si ujinga. Anayekuja Chalinze kutafuta shamba aulize shamba ni nini hapa, nani huligawa, na miti ni ya nani. Anayeitwa mkutanoni asipige makofi kwa neno ambalo hajaliona kwa macho. Na huko kijijini tulikoanzia, mashauri yangali yakiendelea, bonde limeota magugu, na wale majirani watatu msimu huu hawakupanda kitu kwa kuogopa kigingi. Sasa ardhi ile kwa kweli haitumiki.